Aliyewasha Swichi

Meneja alikuja kumtazama mgonjwa akiwa na mfuko wa matufaha, akaketi kwenye kiti pekee chenye mto bila kungoja kukaribishwa, kisha akapokea simu. Alizungumza na huyo wa kwenye simu kwa muda mrefu, mguu mmoja juu ya mwingine. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia uliofungwa bendeji ameuinua kama alivyoagizwa na daktari. Ungesema ni mwanafunzi aliyenyoosha mkono darasani na mwalimu hataki kumwona.

Chumba chao kilikuwa kimoja, wakakigawa kwa pazia. Upande wa pili wa pazia mkewe alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za shule. Aliposikia simu imekatwa, akashika gurudumu la cherehani likanyamaza.

"Pole sana, fundi," meneja akasema. "Ndizo kazi zenyewe hizi. Mama, hebu njoo nikusalimie."

Kwenye duka kubwa alilolisimamia, wafanyakazi walimwita Bwana Chapchap, maana kila alipopita alipiga makofi mawili na kusema chapchap, chapchap, hata kwa mtu aliyekuwa tayari anakimbia. Mke wa fundi akatoka nyuma ya pazia, sentimita yake ya kupimia ikiwa shingoni.

"Mshukuru Mungu, mama. Wengine wakisahau kuzima umeme hawarudi nyumbani. Wako kasahau, na karudi."

"Kasahau?"

"Mwenyewe amekiri. Au siyo, fundi?"

Fundi akayatazama matufaha. "Nilisahau," akasema.

"Unaona? Mtu mkweli. Ndiyo maana hatumtupi. Akipona ataanza kazi stoo. Kupokea makreti hakuhitaji vidole vyote." Meneja akacheka. Alipoona amecheka peke yake, akakohoa. "Sasa ule mtambo wa chumba cha baridi bado haujamalizika. Nyama nimeipeleka kwa watu, naomba friji kama ombaomba. Nimeongea na mdogo wako, Jumamosi atakuja kumalizia. Si wewe uliyemfundisha kazi?"

"Ni mimi."

"Basi kazi imebaki kwenye familia."

Meneja alipoondoka, mke wa fundi alichukua kisu akamenya tufaha moja, akalikata vipande vidogo na kumwekea mumewe kwenye sahani. Mumewe aliangalia vipande vile asivishike.

"Wewe," mkewe akasema, "ambaye hata feni ya humu ndani huigusi mpaka umechomoa waya na kuukagua utadhani ni nyoka. Wewe usahau kuzima?"

"Mtu husahau."

"Haya."

Akarudi kwenye cherehani. Gurudumu likazunguka kwa kasi ambayo haikuhitajika kwa sketi ya mtoto wa darasa la pili.

Jioni ile alikuja mdogo mtu. Naye alikuwa fundi wa majokofu, mrefu, mcheshi, mwenye mikono mikubwa isiyotulia. Hakuweza kusema habari za kawaida bila kuzichora hewani. Alikuta shemeji yake ameshika suruali ya kaka, anatoa kifungo na zipu na kutia lastiki kiunoni.

"Shemeji, unamrudisha kaka chekechea?"

"Hawezi kufunga kifungo kwa mkono mmoja. Ananisubiri mimi nimfunge, na mimi wakati mwingine sipo."

"Sikukuomba," fundi akasema kutoka kitandani. "Nimekwambia mara ngapi? Nitajifunza kwa mkono wa kushoto."

"Jana ulijifunza mpaka ukachelewa choo," mkewe akajibu, na mara akajuta, maana mdogo mtu aliangua kicheko na mumewe akageukia ukutani.

Mdogo mtu hakuwa na ubaya. Alikuwa ni mtu wa kucheka kila anapoogopa, na tangu siku aliyomkuta kaka yake wodini, na daktari akasema vidole vitatu haviokoleki, alikuwa anaogopa sana. Akavuta kigoda.

"Ila kaka, umeniaibisha. Kule vijiweni mafundi wananiuliza: huyo si ndiye aliyekuwa anatuimbia? Zima swichi kuu, funga kufuli, ufunguo tia mfukoni, pima kwa testa kama umeme umekatika, ngoja kapasita imalize umeme inaouhifadhi, halafu ndipo ushike. Ulinichapa kofi siku nilipogusa kapasita kabla haijatolewa umeme, unakumbuka? Kichwa kililia wiki nzima. Leo bingwa mwenyewe kaingiza mkono kwenye mtambo unaowaka! Nimewaambia amezeeka."

"Waambie hivyohivyo," fundi akasema, uso bado ukutani.

"Jumamosi nitapita asubuhi nichukue testa yako. Yangu betri imeoza."

"Pita."

Mke wa fundi alimtazama mumewe mgongoni. Waliishi pamoja muda wa kutosha kumwezesha kuusoma mgongo ule. Haukuwa mgongo wa mtu aliyeaibika kwa kusahau. Ulikuwa mgongo wa mtu anayeficha kitu.

Ijumaa alikwenda dukani kuchukua mkoba wa vifaa wenye ile testa, uliobaki kule tangu siku ya ajali. Mlinzi alimzuia mlango wa mbele, akamwambia watu wa vifaa huzunguka nyuma. Akazunguka nyuma, akapita kwenye mapipa ya taka, akaingia ukumbi mwembamba wenye sakafu ya saruji iliyolowa maji. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango wa chumba cha mitambo. Mwanzoni mwake, ukutani, kulikuwa na sanduku la chuma lenye mkono mwekundu wa kuzimia umeme.

Mfagizi, mama wa makamo mwenye kilemba cha bluu, alikuwa ameuhifadhi mkoba chini ya ndoo zake. Akautoa, akaufuta vumbi kwa upindo wa kanga yake.

"Anaendeleaje?"

"Anaendelea. Anasema alisahau kuzima umeme."

Mfagizi akauachia mkoba. Akatazama mlango wa dukani, akamshika mkono mke wa fundi na kumvuta hadi kwenye sinki la kuoshea matambara, akafungua bomba ili maji yapige kelele.

"Nani kasema alisahau?"

"Yeye mwenyewe."

"Mwanangu, alizima. Nilikuwepo, nadeki hapahapa. Alizima, akaniambia: dada, sakafu hii kaushe kwanza, maji na umeme havipatani. Nikakausha. Kisha akamwomba bosi kufuli la kufungia ule mkono mwekundu. Bosi akasema hataki kufuli kwenye swichi yake, siku moja fundi mwingine alifunga akaenda na ufunguo mfukoni, maziwa yote yakaharibika. Basi mumeo akatundika kibao: usiwashe, fundi yuko kazini. Swichi hii ndiyo inalisha na majokofu ya mbele, yale ya aiskrimu na samaki. Wateja wakaanza kulalamika aiskrimu inayeyuka. Nikamwona bosi anakuja mbio, chapchap, chapchap. Kibao akakitoa, akakitupa kwenye ndoo yangu. Akauinua ule mkono mwekundu."

"Akawasha?"

"Akawasha. Hata kumwita fundi kwanza hakumwita. Nikasikia ule ukelele. Bosi akasimama kama mti, mkono wake bado uko juu ya swichi. Ni mimi niliyemsukuma, nikazima, ndipo nikakimbilia chumbani. Sikumgusa mumeo kabla sijazima, hilo nilimsikia yeye mwenyewe akilisema siku nyingi."

Mke wa fundi akafunga bomba. Hakulia. Akauchukua ule mkoba mzito wa vyuma na kuutundika begani kana kwamba umejaa pamba.

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Nina wajukuu wanaokula kwa ufagio huu." Mfagizi akainama kuchukua ndoo. "Nikadhani yeye atasema. Aliyeumia ni yeye."

Alipofika nyumbani aliubwaga mkoba sakafuni, bisibisi zikalia. Fundi aliyekuwa amesinzia akashtuka.

"Kibao alikitupa kwenye ndoo ya mfagizi," mkewe akasema. "Niendelee, au utaendelea wewe?"

Fundi akajisogeza ukingoni mwa kitanda.

"Alikuja wodini kabla yako," akasema polepole. "Kabla hata hawajanikata. Akaniambia, fundi, mambo mawili. Ukisema ni mimi, tutakwenda kwenye sheria, kampuni ina mawakili, utangoja mpaka wanao waote mvi, na hospitali utajilipia. Ukisema ulisahau, hospitali ni juu yetu, na kazi unayo. Nilikuwa nasikia harufu ya mkono wangu mwenyewe, mke wangu. Ningefanya nini?"

"Siku ile sikulaumu. Na baadaye je? Umetoka, umelala humu, nakulisha kwa kijiko, nakufunga suruali, na unanidanganya machoni."

"Nikikwambia ukweli vidole vitaota?"

"Nani anazungumzia vidole?" Sauti yake ilipanda hadi jirani wa ukuta wa pili akazima redio ili asikie vizuri. "Kesho mdogo wako anaingia kwenye chumba kilekile, swichi ileile, kwa mtu yuleyule! Umekaa hapo siku zote hizi unamsikiliza anakucheka, na unamwambia pita uchukue testa! Testa itamsaidia nini ikiwa mtu atawasha baada ya yeye kupima?"

"Meneja hawezi kurudia. Aliogopa, nilimwona."

"Aliogopa! Mtu aliyeogopa anakuja hapa kucheka habari ya vidole vyako?"

Fundi akaanza kusema habari ya ada za watoto, ya kodi ya chumba, ya nani atamwajiri fundi wa mkono mmoja. Kila alilolisema lilikuwa kweli, na ndilo lililomtia mkewe hasira zaidi. Aliona jinsi uongo mmoja ulivyoegemezwa kwenye kweli nyingi ukasimama wima.

"Utamwambia wewe," hatimaye akasema. "Mdogo wako ni wako. Asubuhi akija, utamwambia."

"Nitamwambia."

Asubuhi mkewe aliamka mapema akapeleka sare kwa mwenye shule, ambaye alimkalisha barazani akingoja kana kwamba amekuja kuomba msaada. Aliporudi alikuta chai haijanywewa, na mkoba wa vifaa uko wazi.

"Amepita?"

"Amepita."

"Umemwambia?"

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa amejaribu, Mungu ni shahidi. Mdogo mtu aliingia akiimba, akachukua testa, akamtania habari ya suruali ya lastiki, akamwambia, kaka, leo nitamalizia kazi yako ili watu waache kukusema. Na fundi aliyemlea tangu mama yao alipofariki aliona jinsi uso ule utakavyobadilika. Akamwambia, uwe mwangalifu. Basi.

"Uwe mwangalifu," mkewe akarudia. Akamtazama kwa chuki ambayo hakujua kama anayo. Akapiga simu ya shemeji yake. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

"Vaa viatu," akasema.

"Nitavaaje, kamba..."

"Basi njoo peku!"

Alikwenda kwa ndala. Walitembea nusu wakikimbia, mke mbele, mume nyuma akiukumbatia mkono wake usigongwe na watu. Hawakusemezana njia nzima. Kila gari lilipopiga honi fundi alisikia ule ukelele wake mwenyewe.

Duka lilikuwa limefurika, kama kawaida ya Jumamosi. Mlinzi alisema watu wa vifaa huzunguka nyuma, na safari hii mke wa fundi alimpita bila kumjibu, mumewe akamfuata, katikati ya vikapu na watoto, wakapita majokofu ya mbele ambayo taa zake zilikuwa zimezimwa, wakampita na bibi mmoja aliyekuwa anabonyeza mfuko wa samaki na kuguna. "Wanatuuzia supu," bibi akasema.

Wakasukuma mlango wa ukumbi wa nyuma.

Mfagizi alikuwa amesimama mbele ya sanduku la chuma, mgongo umelibana, ufagio ameushika kwa mikono miwili. Mbele yake alikuwa meneja.

"Ondoka nakwambia. Dakika moja tu, majokofu yashike baridi, kisha nazima tena. Hata hatajua."

"Kamwite kwanza, bosi. Kamwite atoke."

"Wewe ni fundi? Mimi nimekuajiri kufagia au kunifundisha?" Akamshika bega kumsogeza.

"Usiguse hiyo swichi!"

Meneja akageuka. Alimwona fundi kwa ndala, jasho, suruali ya lastiki, na kwa sekunde moja hakumtambua. Kisha akatabasamu.

"Aa, fundi! Umewahi mno. Stoo ni mpaka upone."

Fundi akapita katikati yao, akasimama karibu na mfagizi. Mkono wa kushoto, ambao mpaka leo haukuwa hodari wa kitu chochote, akauweka juu ya ule mkono mwekundu na kuukandamiza chini.

"Mdogo wangu yuko ndani. Mikono yake iko kwenye nyaya."

"Najua, najua, nilitaka tu..."

"Siku ile pia ulijua. Nilizima, nikatundika kibao, ukakitoa ukawasha. Mimi nikapiga kelele, na wewe ukasimama hapa!"

Mlango wa dukani ulikuwa umebaki wazi. Bibi wa samaki alikuwa mlangoni, na nyuma yake vichwa vingine vinne vitano. Meneja akawaona.

"Huyu ana maumivu, hajui asemalo. Fundi, mbele ya watu hawa: ulisema nini wodini? Si ulisema ulisahau?"

"Nilisema ulichoniambia niseme."

"Aha! Kwa hiyo ulidanganya. Tukuamini ya lini, ya wodini au ya leo?"

Fundi akatikisika. Ndilo swali alilokuwa akiliogopa, na sasa limekuja. Mfagizi ndiye aliyejibu. Aliweka ufagio chini taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Mniamini mimi. Kibao kilitupwa kwenye ndoo yangu. Na nilipokuja kuzima niliukuta mkono wako bado uko juu ya swichi, bosi. Nilikusukuma, hukumbuki? Ulikwenda ukagonga ukuta ule."

"Yesu wangu," bibi wa samaki akasema. "Na sisi ndio tuliokuwa tunalalamikia aiskrimu."

Mlango wa chumba cha mitambo ukafunguka. Mdogo mtu alisimama pale na koleo mkononi, mafuta hadi viwikoni. Zile kelele zilikuwa zimemtoa. Alimtazama kaka yake, akautazama mkono wa kaka ulioganda kwenye swichi, akamtazama meneja, na ucheshi wote ukamtoka usoni.

"Stoo usahau," meneja akasema kwa sauti ya chini, kwa fundi peke yake. "Na hospitali usahau."

"Tumeshasahau," mkewe akajibu. "Jumatatu utatukumbusha kule ofisi ya kazi. Tutakuwa watatu."

Na kweli Jumatatu walikuwa watatu, maana mfagizi alifukuzwa siku ileile kabla hajamaliza kudeki, akawa na nafasi. Waliandikisha malalamiko kwa karani aliyekuwa anapiga miayo, wakaambiwa warudi, wakarudi, wakaambiwa warudi tena. Mkaguzi alikwenda dukani baada ya kusumbuliwa sana, akaamuru swichi ifungwe kufuli kila fundi anapoingia, na majokofu ya mbele yawekewe swichi yake. Meneja alihamishiwa tawi lingine, kubwa zaidi. Shauri la vidole vitatu linaendelea.

Lakini Jumamosi ile, nje ya duka, kwenye mapipa ya taka, mdogo mtu aliuliza maswali yake mwenyewe.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu palepale," fundi akasema.

"Juzi nilipokaa kwenye kigoda nikakucheka, ulijua?"

"Nilijua."

"Leo asubuhi uliponipa testa. Ukaniambia niwe mwangalifu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa hiyo ungeniacha niingie."

"Nilikuacha," fundi akasema. "Uliingia. Nimekuja kwa sababu shemeji yako amenivuta."

Mkewe alitaka kusema siyo hivyo, hakumvuta, alikuja kwa miguu yake. Akanyamaza. Lilikuwa neno la kwanza la kweli ambalo mumewe amelisema bila kusukumwa, na lilimgharimu kuliko kazi ya stoo.

Mdogo mtu aliirudisha ile testa. Hakuirusha, aliitia kwenye mfuko wa shati la kaka yake, kwa uangalifu, kisha akageuka na kuondoka. Hatua chache mbele hasira ikamshinda. Akaanza kusema peke yake, kwa sauti, akitukana, akirusha mikono hewani, akiikunja na kuikunjua, watu wakimpisha njia kama mwendawazimu.

"Nimfuate," fundi akasema.

"Mwache."

Mke wa fundi alisimama kwenye taka zile, ameushika mkono mzima wa mumewe, akiitazama ile mikono mikubwa yenye mafuta ikipanda na kushuka juu ya vichwa vya watu, miwili, na vidole vyake vyote, mpaka ilipopinda kona.